Mgeni Si Mbuzi

"Maman, nilisema mboga tu! Ile ya jardin, ya shamba, c'est tout, hata sahani moja…"

"Na mie nilikuambia mugeni haiko mbuzi!"

"…juu bale bantu banakuya kuona mboga, habakuye kuona kuku…"

"Na mbuzi mwenyewe, Florent, ukimupa majani kila siku anakuangalia mubaya!"

"Acha nimalize kwanza, maman!"

"Umalize nini? Kuku imeshaiva."

Kweli kuku alikuwa ameiva, na kuku aliyeiva hana rufaa. Alikuwa amekaangwa, akarudishwa sufuriani na nyanya na vitunguu, akafunikwa, na harufu yake ilishashuka ngazi za ghorofa tatu na kutoka nje bila kuaga. Jiko la Maman Mauwa lilikuwa jembamba kama nyumba nyingi za Saint-Gilles, hapa Brussels, zile za zamani zilizokatwakatwa mpaka sebule ya tajiri mmoja ikawa makao ya familia nzima. Watu wawili wakitaka kugombana humo, lazima kwanza wavute matumbo ndani.

Juu ya meza walilala tilapia, kichwa kwa mkia, kama watoto wa kitanda kimoja. Kulikuwa na makemba ya kukaanga, yaani ndizi zile zilizoiva mpaka zikawa nyeusi kwa utamu. Kulikuwa na wali uliofungwa kwa kitambaa usipoe. Ndani ya caddie, ule mkokoteni wa sokoni wa kila mama wa Brussels, chupa za sucré, yaani soda, zilisimama zikigongana, za rangi zote ambazo Mungu hakuziweka kwenye matunda.

"Na lenga-lenga iko wapi?" Florent aliuliza, akifunua na kufunika sufuria, akiutafuta mchicha huo.

"Iko kwa shamba."

"Haukupika hata kidogo?"

"Mutaiona imesimama. Imesimama vizuri sana. Juu ya nini nimuwekee muntu kwa sahani kintu anakiona kwa macho?"

Florent Kalenga alijishika paji la uso. Mauwa hakumzaa, "maman" ni heshima tu; wazazi wake walitoka Likasi, kule Kongo. Yeye mwenyewe alikulia hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kama baiskeli ya kuazima: kinamfikisha, lakini mguu mmoja huwa unatafuta pedali. Alikuwa mratibu wa mradi uitwao Sahani ya Karibu. Mradi ulikuwa na shamba kule Berchem-Sainte-Agathe, nyuma ya majengo marefu ya cité, mtaa wa nyumba za bei nafuu, na uliwagawia watu vipande vya ardhi ili mji ule vitu vinavyolimwa karibu, vyenye afya, kwa bei ya haki, bila kuuchosha udongo. Maneno hayo yote yalikuwa yamechorwa kwenye gari la mradi, ubavu mmoja kwa Kifaransa, wa pili kwa Kiflemi, pamoja na karoti inayocheka.

Maman Mauwa na wenzake walipewa serre, ile nyumba ya plastiki ya kulimia mboga zinazoogopa baridi. Walipewa kwa majaribio. Leo watu wa mradi wanakuja kuangalia, na baada ya hapo ndiyo itajulikana kama serre itabaki mikononi mwao mwaka kesho au itakwenda. Basi.

"Bon," Florent alisema. "Tuende. Lakini kule niache mie niseme."

"Sema. Mie nitapakua."

Jambo la majani na wageni, Mauwa hakulisoma mahali. Alilikuta nyumbani kwao Uvira, mtaa wa Mulongwe, akiwa bado wa kubebeshwa maji. Shangazi mmoja alitokea mji wa Baraka bila taarifa, akakuta nyumba haina kitu ila lenga-lenga. Mama yake Mauwa akapika hiyo hiyo na bugali. Shangazi akala, akashukuru, akanawa, akaenda zake. Wiki haikuisha, Mulongwe nzima ikajua kwamba kuna nyumba ambamo wageni wanalishwa kama mbuzi. Kuanzia siku ile, mama yake hakukosa kuku mmoja wa kufungwa mguu mlangoni, ambaye hata mtoto akiugua hachinjwi: ni wa mgeni. Huku Brussels hakuna mlango wa kumfungia kuku, kwa hiyo kuku wa mgeni anakaa friza.

Na wageni wa leo si wa friza. Kuku walinunuliwa jana kwa mwenye bucha Mmoroko karibu na stesheni ya Gare du Midi, halali, maana mji huu hujui nani ataketi mezani. Bei ilikuwa imepanda tena. Mwenye bucha alisema ni umeme. Wa tilapia, kule Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, alisema ni meli. Wa mafuta alionyesha dari tu. Akina mama walichanga. Hakuna aliyenung'unika. Nani anung'unike juu ya chakula cha mgeni?

Walipanda tramu ya 82. Sufuria ya kuku, iliyofungwa kwa kitenge, Mauwa aliiweka kwenye kiti kando yake, na abiria wakawa wanageuza pua mmoja mmoja kama alizeti. Walipofika karibu na mfereji, waliingia wakaguzi wa tiketi. Kijana mmoja mwenye ndevu zilizonyolewa kwa rula akasimama mbele ya sufuria.

"Na huyu? Ana kadi?"

Watu wakacheka. Mauwa naye akacheka, maana kicheko ni bure. Mkaguzi akaacha kucheka kabla yao.

"Kiti ni cha watu, madame."

Kulikuwa na viti vitupu mpaka kwa dereva. Mauwa aliinua sufuria akaipakata. Kitenge kilikuwa kizito lakini moto ulipita, polepole, kama mgeni anayebisha hodi mara moja tu. Alikaza meno mpaka Berchem. Florent aliwageuzia kisogo wote wawili. Alikuwa anaangalia dirisha, akifungua mdomo na kuufunga. Mauwa akafikiri bado amenuna kwa ajili ya kuku.

"Weye mutoto, hasira ya chakula inaisha na chakula," alimwambia.

"Haiko hasira, maman."

"Basi ni nini?"

"Hakuna."

Shambani, Euphrasie alikuwa ameshafika. Euphrasie ni mama wa Goma, mwenye kicheko kinachoanza kabla ya kichekesho. Wiki nzima yeye na Mauwa walifagia ofisi za watu, kila mmoja jengo lake, na Jumamosi walikutana hapa kufanya kazi ya kweli. Alikuwa ametandika meza ya mbao kwa kitambaa cheupe cha ubatizo wa mjukuu wake, akaweka glasi, akafagia hata njia ya udongo ikabaki na mistari ya ufagio.

"Aah, Florent! Umefunga mudomo sawa mulango ya banki. Nani amekufa?"

"Mboga," alisema Mauwa. "Anailia mboga."

Mboga zenyewe zilikuwa hai kabisa. Ndani ya serre, lenga-lenga zilifika kifuani, majani mapana yenye jasho, mabua mekundu kidogo kwa chini. Matembele yalikuwa yametambaa mpaka yakakaribia kutoka mlangoni. Hewa ilikuwa nzito na ya moto, yenye harufu ya udongo uliokunywa, na kila mama aliyeingia mle mara ya kwanza alivuta pumzi ndefu, kisha akasema jina la mahali pa kwao. Mmoja alisema Fizi. Mwingine Kamituga. Nje, mwezi wa kenda wa Ubelgiji ulikuwa unanyunyiza mvua yake ya kijivu. Ndani ilikuwa kwao.

Kabla ya serre, majani haya waliyanunua Matonge. Yanakuja kwa ndege, yamebanwa kwenye plastiki, yamechoka kuliko abiria wengine wote. Euphrasie aliyaita majani ya business class. Kila mwezi bei ilipanda na fungu likakonda, mpaka akina mama wakaanza kulisha watoto mkate na tambi, na wao wenyewe vilevile, na sukari ikaingia kwenye damu ya mmoja baada ya mwingine. Mauwa naye. Halafu wakapata serre. Msimu wa kwanza walipovuna, Mauwa alikula lenga-lenga kila jioni kama anayelipiza kisasi. Daktari akaangalia damu yake, akamwangalia yeye, akauliza amebadilisha dawa gani.

Wageni walikuja wawili. Mmoja, Océane, alikuja kwa baiskeli, msichana mwembamba mwenye koti la mvua la njano na macho ya kupenda watu. Yeye ndiye atakayeandika ripoti kwa kamati. Wa pili alikuwa Bwana Kadiri, fundi wa mradi, mtu wa makamo aliyekuja na gari la karoti inayocheka. Kazi yake ni mabomba, milango na plastiki zinazopasuka.

Walizungushwa. Océane alishika kila jani. Aliinama, akanusa udongo, akauliza mbolea inatoka wapi. Mauwa alijibu kwa Kiswahili, maana mbele ya wakubwa Kifaransa chake kilikuwa kinajificha, na Florent akatafsiri.

"Umwambie tunaozesha maganda ya nyumbani. Yangu, ya Euphrasie, ya jirani yangu wa Poland. Hata yeye hajui anatusaidia, anafikiri namuibia takataka."

Océane alicheka mpaka akajishika tumbo. Kila kitu kilikuwa kizuri. Bwana Kadiri alitikisa fremu ya mlango, akasema bawaba hii ataibadilisha. Euphrasie alimkonyeza Mauwa: serre ni yetu.

"Na nyinyi mnayala haya kila siku?" Océane aliuliza.

"Kila siku! Umwambie mpaka damu yangu imekuwa ya kijani."

Saa ya kula ikafika. Wageni walinawa mikono kwa bomba. Mauwa alisimama mbele ya meza kama padri mbele ya altare, akafungua kitenge, akainua vifuniko. Mvuke ukapanda. Kuku, samaki, wali, ndizi. Pembeni sahani ya mayonnaise yenye zeituni nyeusi katikati. Chupa za sucré, nyekundu, njano, kijani.

Kijani pekee iliyokuwa mezani ilikuwa ile ya chupa.

Florent aliangalia viatu vyake. Océane aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni, macho yameshakwenda mahali pengine.

"Ni… vingi," alisema. "Kuku hawa ni wa wapi?"

"Anasema kuku ametoka wapi," Florent alitafsiri kwa sauti ya chini. "Maman, sema kidogo tu."

Lakini Mauwa alikuwa amelisubiri swali hilo tangu jana. Kwao, mgeni mwenye adabu huuliza chakula kimetoka wapi ili mwenyeji apate nafasi ya kusema amejisumbua kiasi gani.

"Hapa? Hapa hakuna kintu! Umwambie kuku ya kununua, haiko ya bure. Na samaki imetoka mbali sana, sana! Euphrasie, lete ile karatasi." Na kutoka kwenye caddie likatolewa boksi la tilapia, limekunjwa vizuri, kwa ajili ya ushahidi. Mauwa alimpa Océane kwa mikono miwili. "Asome mwenyewe. Asifikirie tumemupa samaki ya mufereji."

Océane alisoma. Bendera ya nchi ya Asia ilikuwa imechorwa pale, na picha ya bwawa, na kilomita zote zile hakuna aliyeziandika lakini kila mtu aliziona. Alikabidhi boksi kwa Bwana Kadiri. Bwana Kadiri alilitazama, akauliza kuhusu kuku kama ni halali, akaambiwa ni halali, akaketi.

"Mimi sili nyama wala samaki," alisema Océane. "Samahani sana. Lakini mboga za serre, zile ningezipenda. Mmepika?"

Hapo hata bila tafsiri Mauwa alielewa, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Msichana wa watu ameendesha baiskeli kwenye mvua, halafu anaomba majani. Bila shaka ni adabu yake; hataki kumaliza kuku wa wenyewe.

"Hapana, hapana, madame! Ile hatuwezi kukupatia. Ile ni yetu tu ya nyumbani. Weye uko muntu mukubwa, tukupe majani?"

"Anasema nini?" aliuliza Océane.

"Anasema," Florent alijibu, "anasema wameziweka zote kwa vikapu vya kugawia wazee wa cité."

"Sikusema vile," alisema Mauwa.

"Maman, tafadhali."

Walikula. Océane alikula wali na ndizi tatu, akasifu. Bwana Kadiri alikula paja, akala kidari, akang'oa jicho la samaki kwa ufundi wa mtu aliyefundishwa nyumbani, akafumba macho akilitafuna. Euphrasie alimwongezea bila kuuliza na yeye hakuzuia sahani. Kwa muda huo mfupi Mauwa alikuwa na furaha kamili. Mgeni anakula. Mtu akiwa na mgeni anayekula, ana nini tena cha kuogopa?

Océane alimwomba wakae benchi la pembeni. Florent akaja katikati yao, Euphrasie akasimama nyuma na bakuli mkononi.

"Madame Mauwa, nataka niwe mkweli, kwa sababu nawaheshimu. Mwaka kesho serre ni moja na waombaji ni wawili. Kuna kundi la vijana, wanataka kulima mimea midogo, ile inayokatwa ikiwa bado michanga, kwa ajili ya mikahawa ya Ixelles. Wana mpango mzuri. Kuhusu nyinyi kamati ilikuwa na swali moja tu: hii mboga ni chakula cha watu kweli, au ni kumbukumbu ya kwenu mnayoipenda kuitazama? Ndiyo maana tukaja saa ya kula. Tuone kilicho kwenye sahani."

Florent alitafsiri hayo yote bila kupunguza neno, na alivyokuwa anatafsiri sauti yake ilikuwa inakwenda chini, kama mtu anayeteremka kwenye pango.

"Na nimeona," Océane alimaliza.

"Haukuona kintu!" Mauwa alisimama. "Florent, umwambie hakuona kintu! Kila siku nakula! Hata jana usiku nilikula, nikikaanga hiyo kuku yao, mie nilikula lenga-lenga kwa sufuria!"

"Aje kwangu!" Euphrasie alidakia. "Aje sasa hivi afungue frigo! Akikuta kintu ingine isipokuwa matembele, nikule hii bakuli!"

Océane alisikiliza tafsiri. Macho yake yalikuwa yamelowa kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mauwa angependa kumkuta mbaya.

"Ninaelewa. Ni utamaduni, ninaelewa. Lakini siwezi kuandika kwamba nimeona kitu ambacho sijakiona. Mbele yangu mmeweka samaki wa upande wa pili wa dunia. Na nilipoomba mboga, sikupewa."

Mauwa alimgeukia Bwana Kadiri, aliyekuwa bado mezani anafuta vidole kimoja kimoja.

"Papa. Kwenu, mugeni akikuya, mama yako anamupa nini?"

Florent hakuhitaji kutafsiri sana. Bwana Kadiri aliangalia mifupa kwenye sahani yake, iliyopangwa vizuri, safi.

"Nyama," alisema. "Hata kama ni ya kukopa."

"Basi umwambie huyu mutoto!"

Mvua ilikuwa inagonga plastiki ya serre. Bwana Kadiri akakunja karatasi aliyofutia vidole, mara mbili, mara nne.

"Madame, mimi ni wa mabomba na milango. Mambo ya kamati ni ya wenyewe."

Akainuka, akaenda kwenye gari kutafuta bawaba.

Mauwa alikaa tena. Ule moto wa pajani, wa sufuria ya tramu, ulikuwa sasa unauma. Alikuwa anahesabu kichwani, si pesa, bali nyuso: mama huyu atarudi kwenye mkate, yule ataanza tena sindano za sukari, yule mwingine atanunua fungu la business class na kulipika siku mbili. Na yote kwa sababu ya mkono wake yeye, uliomshika kuku. Florent alisema mboga tu. Alisema mbele ya jiko, alisema kwa kelele. Lakini hakusema kwa nini.

Akamgeukia polepole.

"Florent. Weye ulijua?"

Kijana alikuwa anachuna mbao ya benchi kwa kucha.

"Ulijua kuko bantu bengine? Ulijua hii chakula ni mutihani?"

"Nilijua, maman."

"Tangu lini?"

"Tangu banitelefonie. Banasema nisibaambie. Banasema mukijua, mutajipanga, haitakuwa ya kweli tena. Banataka kubaona sawa munakulaka kila siku." Akang'oa kibanzi cha mbao. "Mie nilifikiri nikikuambia mboga tu, tutapona, bila mie kuvunja ahadi."

Mauwa alimtazama. Hakuwa na hasira naye. Hasira ingekuwa nyepesi kubeba. Mtoto wa watu, kazi yenyewe ni ya nusu siku, na mkataba wake naye una kamati yake mahali fulani.

"Kila siku," alirudia. "Florent, mutoto yangu. Kila siku hatuna wageni."

Euphrasie alianza kukusanya sahani. Mara hii kicheko hakikuja mbele wala nyuma. Alifunika kuku aliyebaki, akakunja kitambaa cha ubatizo, akamwaga sucré ya kijani kwenye nyasi na nyasi hazikubadilika rangi. Bwana Kadiri alifunga bawaba mpya mlangoni mwa serre, akaufungua na kuufunga kuujaribu. Mlango haukulia tena. Mlango mzuri kabisa, tayari kwa mtu mwingine.

Océane alivaa kofia yake ya baiskeli. Alikuja mpaka walipo, akasimama na mikono ameishikanisha mbele, akaeleza taratibu zilizobaki: ripoti itapelekwa Jumatatu, kamati kwa kawaida hufuata ripoti, mwisho wa mwezi wa kumi ufunguo urudishwe na udongo uachwe mtupu, bila mmea, ili wanaokuja waanze upya. Alisema alivyopokelewa leo hatasahau. Aliposema hivyo alimaanisha, na hakuna aliyekuwa na la kufanya na maana hiyo.

"Kama kuna msaada wowote mnaouhitaji kwa sasa," aliongeza, "mniambie. Kweli. Wowote."

Ni neno la kuagia. Watu wa ofisi hulisema wakiwa wameshageuza bega moja, na anayeambiwa hujibu hapana, asante, mvua itakuwa nyingi, nenda salama. Florent alishatayarisha hapana, asante kwa Kifaransa. Euphrasie, aliyemjua mwenzake, alishatayarisha kumshika mkono asitukane.

Mauwa aliinuka. Alikwenda mlangoni mwa serre, akaingia, akasimama kidogo katikati ya lenga-lenga, kichwa na mabega tu vikionekana juu ya majani. Akatoka na jembe. Alilifuta mpini kwa ncha ya kitenge, akaligeuza mpini uwe mbele, akamnyoshea Océane kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa heshima. Na alipofungua mdomo, hakumwangalia Florent. Alisema mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha Uvira, taratibu, kila neno limesimama.

"Msaada upo, madame. Umeshapokelewa, umeshaketi mezani, ugeni wako umekwisha. Vua hilo koti, tusaidie kung'oa. Halafu jioni twende wote kwangu, ule majani."